Mfumo Endeshi Mmoja kwa Karani na kwa Fundi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandaa mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta za ofisi, shule na steshenari za Dar es Salaam: wanaochukua Debian, Ubuntu au ndugu zake wa Linux, wakaupanga upya, kisha wakausambaza kwenye mashine kumi au mia. Karani anataka kuprinti barua na kwenda zake. Fundi anataka kufungua boneti. Mashine ni ileile.

Kwani karani na fundi si watu wawili tofauti?

Mara nyingi ni mtu mmoja kwa nyakati mbili. Mhasibu wa pale Posta anaendesha jedwali la mistari elfu tano bila kugusa mausi, lakini ukimuuliza diski yake imegawanywaje atakutazama tu. Kijana anayeandika programu Kijitonyama hukaa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) wiki nzima, kisha akakwama kwenye printa kama sisi sote. Kwa hiyo usigawe watu, gawa kazi. Kila kazi ina anayeifanya mara arobaini kwa siku na anayeifanya mara moja kwa mwaka. Mfumo unapaswa kumwongoza huyu wa pili bila kumchelewesha wa kwanza.

Kwa nini tusiweke kitufe cha "hali rahisi" na kingine cha "hali ya kitaalamu"?

Kwa sababu msaada hapa mjini hutolewa kwa simu. Karani wa Mbagala anampigia fundi aliyeko Kariakoo: "Kaka, nabonyeza wapi sasa?" Anajibiwa: "Fungua Mipangilio, shuka mpaka uone Mtandao." Ikiwa karani yuko kwenye hali rahisi, hiyo Mtandao haipo, na dakika kumi za vocha zinateketea wakibishana kuhusu skrini mbili zisizofanana. Maelekezo yaliyobandikwa ukutani nayo yanakuwa ya uongo kwa nusu ya watu.

Weka skrini moja kwa wote, na mwisho wa kila ukurasa wa mipangilio mstari mmoja, "Zaidi", unaofunguka hapohapo. Asiyeuhitaji hausumbui macho yake, na anayeuhitaji hautafuti.

Mlango wa siri una mahali pake pachache. Kwenye Android mipangilio ya watengeneza programu huonekana ukigonga mara 7 mstari wa namba ya toleo. Pale inafaa, kwa kuwa vilivyomo ndani havimhusu mtu mwingine. Ukificha ukubwa wa maandishi kwa mtindo huo, umemnyima bibi miwani yake.

Kiufundi, tabaka za mfumo zipangwe vipi?

Tabaka ya juu ni vile vinavyoonekana mashine ikiwaka: vitu vitano hadi saba, si zaidi. Ya kati ni Mipangilio yenye kisanduku cha kutafutia. Ya chini ni mafaili ya maandishi na amri. Hapo hakuna jipya. Tangu 2001 Mac OS X ina Unix chini na madirisha juu, na terminali yake imekaa kwenye folda ya kawaida ya zana bila kufichwa wala kutangazwa.

Kinachoharibika kila siku ni uhusiano kati ya tabaka. Mfano unaojulikana ni `/etc/resolv.conf` kwenye Ubuntu, faili linalotaja seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Fundi anaifungua, anaandika `nameserver 8.8.8.8`, intaneti inarudi, anakunja begi. Kesho asubuhi mashine inawashwa na maandishi yake hayapo, kwa sababu faili lile ni kiungo tu kinachoelekea `/run`, na `/run` huishi kwenye RAM na kutengenezwa upya kila mashine inapowaka. Mwenye ofisi anaamini fundi kamdanganya.

Angeandika `nmcli con mod "Ofisi" ipv4.dns 8.8.8.8` kisha `nmcli con up "Ofisi"`, mabadiliko yangebaki ("Ofisi" ni jina la muunganisho). Tena karani akifungua Mipangilio angeiona namba ileile kwenye dirisha, kwa kuwa dirisha na amri vyote vinazungumza na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Hiyo ndiyo kanuni ya kushika: chanzo kimoja cha ukweli, njia mbili za kukifikia. Ukiongeza kidirisha chako mwenyewe chenye hifadhi yake ya pembeni, umeanzisha ugomvi utakaoamuliwa na mashine kuwashwa upya.

Kanuni ya pili ni kutenganisha cha mtengenezaji na cha mwenye mashine. Vya kiwandani vikae `/usr/lib`, mabadiliko ya mwenyeji yakae `/etc`, tena kwa vipande kwenye folda zinazoishia na `.d`. Ndivyo `systemctl edit`, amri ya kuhariri huduma za mfumo, inavyofanya: haigusi faili la asili, inaandika `override.conf` pembeni. Sasisho likija halifuti kazi ya fundi, na fundi akikosea anafuta kipande kimoja tu na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Terminali ifichwe?

Hapana. Isikae kwenye paneli, lakini ipatikane kwa kutafuta jina lake na kwa Ctrl+Alt+T. Inatosha.

Mbona nikibonyeza Ctrl+C kwenye terminali hainakili, inaua programu?

Huo ni mgongano wa mila mbili. Kwenye Unix, Ctrl+C ilishakuwa ishara ya kukatiza programu kabla ya madirisha kuitumia kwa kunakili. Linux imerithi zote mbili, ndiyo maana kwenye terminali unanakili kwa Ctrl+Shift+C. Mac imeponyoka kwa kuwa kunakili kwake kuko kwenye kitufe cha Command. Usibadilishe maana ya Ctrl+C ili kumfurahisha mgeni, maana kila mwongozo na kila mkono uliozoea utakulaumu. Weka "Nakili" kwenye menyu ya kubofya kulia, na pembeni yake andika Ctrl+Shift+C. Njia za mkato hujifunzwa hivyo, kwa kuonekana kando ya kitu ambacho mtu alikuwa anakibofya tayari.

Majina ya mafaili ya Kiswahili yana shida gani?

Yana shida mbili ambazo waandishi wa mifumo wasiojua Kiswahili hawazioni.

Chukua faili linaloitwa `Hesabu za ng'ombe.ods`. Kwenye dirisha ni jina la kawaida kabisa. Kwenye terminali mtu akiandika `rm Hesabu za ng'ombe.ods` halafu Enter, hakuna kinachofutwa. Mstari unaofuata unaonyesha alama ya `>` peke yake, na mashine inasubiri. Kwa shell, yaani programu inayosoma amri, ritifaa (ile alama ya `'`) imefungua nukuu, nayo inangoja nukuu ifungwe. Toka kwa Ctrl+C. Hatari zaidi ni jina lisilo na ritifaa: `rm Barua ya likizo.odt` ni ombi la kufuta mafaili matatu, `Barua`, `ya` na `likizo.odt`. Kama lipo faili linaloitwa `Barua`, limekwenda.

Dawa si kuwakataza watu nafasi na ritifaa. Ng'ombe ni ng'ombe. Hakikisha kitufe cha Tab kinakamilisha jina na kuweka alama za kinga chenyewe, na kwamba faili likiburutwa na kuachiwa kwenye terminali linaingia likiwa ndani ya nukuu. Hati zako za shell (mafaili ya amri) ziandike `"$f"`, si `$f`, na kwa mafaili mengi tumia `find … -print0 | xargs -0`. Amri ya `ls` ya GNU ilipiga hatua nzuri tangu toleo la 8.25 la 2016: jina lenye nafasi huonyeshwa ndani ya nukuu kwenye skrini, tayari kunakiliwa, lakini matokeo yakipelekwa kwa programu nyingine nukuu hazipo. Wakongwe walilalamika sana. Hata hivyo hati zao hazikuvunjika, na mgeni akapata jina analoweza kulibandika.

Shida ya pili ni kwamba ritifaa ziko mbili. Kibodi inaandika iliyonyooka, `'`, yaani U+0027. Programu za kuandikia huigeuza yenyewe kuwa iliyopinda, `’`, yaani U+2019. Mtu anatafuta "ng'ombe" na mashine inasema hakuna, wakati barua ya ng’ombe iko mbele ya macho yake. Kisanduku cha kutafutia kizichukue kama herufi moja, na U+02BC nayo iingizwe humo. Ni mistari michache tu ya programu.

Nywila iombwe lini?

Iombwe pale tu jambo linapowagusa watumiaji wengine wa mashine au linapoweza kuizuia isiwake. Windows XP ya 2001 ilimpa mtu wa kwanza mamlaka yote bila kumuuliza kitu, na virusi vikafurahia. Vista ya 2007 ikaenda upande wa pili, ikawa inauliza kila hatua, na watu wakazoea kubonyeza Ndiyo bila kusoma. Windows 7 ya 2009 ilipunguza maswali na kuweka kidude cha kusogeza chenye ngazi nne. Ubuntu tangu toleo lake la kwanza la 2004 imefunga akaunti ya root (yenye mamlaka yote) na kutumia `sudo`, amri ya kuazima mamlaka hayo, ambayo ikishapewa nywila hukaa dakika 15 bila kuuliza tena.

Kuunganisha WiFi, kuchomeka flashi, kubadili saa za eneo na kufuta kazi iliyokwama kwenye printa visiombe nywila ya msimamizi. Kwa printa, muingize mtumiaji kwenye kundi la `lpadmin`:

`sudo usermod -aG lpadmin asha`

Angalia ile `-a`. Ukiisahau, Asha anaondolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, likiwemo `sudo`. Kama ndiye msimamizi pekee, hamna tena wa kurekebisha mpaka mashine iwashwe kwa hali ya uokoaji. Herufi moja! Kidirisha cha kusimamia watumiaji kina thamani hata kwa fundi mzoefu kwa sababu ya mambo kama haya.

Na pale unapotaka kuuliza "Una uhakika?", fikiria kwanza kama unaweza kuweka "Tendua" badala yake. Swali huwachelewesha watu wote mara zote, wakati kutendua kunamhudumia aliyekosea tu.

Ujumbe wa kosa uandikwe vipi?

Nini kimetokea, kwa nini, ufanye nini, na chini yake kitufe cha "Maelezo" chenye namba ya kosa na logi (kumbukumbu ya matukio) inayoweza kunakiliwa. Hebu tuchukue kosa la kila siku. Mtu analeta flashi ya GB 32 ili apewe video ya harusi ya GB 5.2, na kunakili kunakatika. Ujumbe wa kawaida husema faili ni kubwa mno. Mteja anatazama flashi yake, ni tupu, anaona anazungushwa. Ujumbe unaofaa ni huu:

"Nafasi ipo, lakini flashi hii ina mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4. Unaweza kuligawa faili, au kuifomati flashi kuwa exFAT. Ukiifomati, vyote vilivyomo vitapotea."

Chini ya "Maelezo" fundi aone `EFBIG` (jina la kosa hilo), njia ya faili na jina la kifaa, mfano `/dev/sdb1`. Linux inasoma exFAT ndani ya kerneli (kiini chake) tangu toleo la 5.4 la 2019. Mkumbushe mteja tu kwamba baadhi ya televisheni na deki za zamani zinaelewa FAT32 peke yake, asije akarudi kesho na flashi mkononi.

Tukitafsiri mfumo kwa Kiswahili tuanzie wapi?

Si uwanja mpya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Msamiati mwingi wa faili, hariri, chapisha na dirisha umeshazoeleka, kwa hiyo usibuni neno pale ambapo watu wana lao. Kama mtaa mzima unasema flashi, andika flashi.

Penye mtego ni ngeli. Mwandishi wa programu anaandika `"%s deleted"`, ambapo `%s` hujazwa jina la kitu, na kudhani kazi imekwisha. Kwa Kiswahili faili limefutwa, picha imefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa, na zikiwa nyingi vitenzi vyote vinabadilika tena. Hakuna tafsiri moja ya `%s` itakayokaa. Lazima kila aina ya kitu iwe na sentensi yake nzima, umoja na wingi, yaani nane kwa mfano huu. Ukiona mfumo unasema "Ujumbe imefutwa", hapo ndipo pameponyoka.

Saa nazo zina mtego wake. Kompyuta ikionyesha 14:00, msomaji anajua ni saa nane mchana. Ikionyesha "2:00 mchana" inamchanganya, maana saa mbili ni ya asubuhi au ya usiku. Tumia tarakimu za saa 24 kwenye skrini, na pale maneno yanapotumika andika "saa nane mchana". Logi zibaki na muundo wa ISO wenye `+03:00`. Saa za eneo huwekwa kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Baadhi ya visakinishi vinaonyesha Nairobi tu, na wenyeji hunung'unika, ila saa ni ileile: kwenye hifadhidata ya saa za dunia, Dar es Salaam ni kiungo cha Nairobi.

Majina ya amri usiyatafsiri. Fundi akihitaji ujumbe wa Kiingereza ili autafute mtandaoni, aanze amri yake na `LC_ALL=C`. Lugha nayo iwe ya mtumiaji mmojammoja, isiwe ya mashine nzima.

Laptop za mtumba zenye RAM ya GB 4 zitahimili?

Zitahimili, na zimekuwa nyingi tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwani Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo laptop nyingi za zamani hazina. Tumia Xfce au LXQt, mazingira mepesi ya madirisha. Sakinisha `zram-tools`, inayobana data ndani ya RAM, na kwenye `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`. Hata hivyo kubadili hadidiski ya kuzunguka kwa SSD kunaleta nafuu kubwa kuliko yote hayo, na kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari, si mfumo. Kipimo cha kushika: jibu la ndani ya sekunde 0.1 huhisiwa kuwa la papo hapo. Likipita sekunde 1 mtu anatambua kwamba anangojeshwa, na likipita 10 anaanza kubofya tena, na hapo ndipo anapoprinti nakala nne.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, au bando likiisha katikati ya sasisho?

Jono (daftari la mabadiliko) la ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, hulinda mpangilio wa diski, halilindi barua ambayo haijahifadhiwa. LibreOffice huweka kumbukumbu za uokoaji kila dakika 10 kwa kawaida. Ishushe iwe 2. Programu yako ihifadhi kwa kuandika faili la muda, kulishusha kweli kwenye diski kwa `fsync`, kisha kulibadili jina. Ukiandika juu ya faili la zamani moja kwa moja, umeme ukikatika unabaki na faili la baiti sifuri.

Sasisho likikatikia njiani: `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`. Karani hapaswi kuzijua hizi. Mfumo uzifanye wenyewe unapowaka na umwambie kwa mstari mmoja.

Kwa ofisi ya mashine kumi, pakua mara moja tu. Weka `apt-cacher-ng`, inayotunza vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwenye mashine moja, mlango (port) 3142, na kwenye nyingine andika ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Bila mstari wa pili, hazina za programu zenye https zitagoma na kosa la 403. Laptop inayokwenda nyumbani jioni haitaiona mashine hiyo na masasisho yake yatakwama, kwa hiyo laptop zipe hati ya kutambua kama ziko ofisini.

Tujaribu na watu wangapi?

Watano wa kazi za kawaida na watano mafundi, kila kundi na majukumu yake. Hesabu ya Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa matumizi, kwamba watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo inategemea dhana kuwa kila mtu anagundua asilimia 31, na kwa kundi moja linalofanana. Ukichanganya makundi mawili, hesabu haikai. Wape kazi za kweli: kuprinti pande mbili, kurudisha faili lililofutwa, kuondoa flashi salama. Mafundi wape IP isiyobadilika, kusoma logi, kurudisha sasisho nyuma. Kisha nyamaza. Ukisema tu "jaribu pale juu", jaribio limeisha.

Kunakili kunafika asilimia 100, lakini flashi inagoma kutoka. Kwa nini?

Kwa sababu ile asilimia 100 ni ya RAM. Linux hupokea data kwenye kumbukumbu kwanza, hadi karibu asilimia 20 ya iliyopo, kisha huishusha polepole. Kwenye mashine ya GB 8 hiyo ni kama GB 1.6, na flashi ya bei poa inayoandika MB 5 kwa sekunde itahitaji dakika tano na ushee baada ya mstari kujaa. Mteja keshaichomoa. Punguza kwa kuweka ndani ya `/etc/sysctl.d/90-flashi.conf`:

`vm.dirty_background_bytes = 16777216`
`vm.dirty_bytes = 67108864`

yaani MB 16 na MB 64. Mstari wa maendeleo utakwenda taratibu, lakini utasema kweli. Mpangilio huu unagusa diski zote, kwa hiyo seva ya hifadhidata usiifanyie hivi. Na kama kinachozuia ni programu iliyolifungua faili, dirisha liitaje kwa jina, "Inatumiwa na LibreOffice Writer", badala ya kusema kifaa kina shughuli. Fundi atalijua kwa `fuser -vm /media/asha/FLASHI`.